Nani Aliyeubeba Mtambo? Uhakiki wa Sinema ya The African Queen na Habari za Utengenezaji Wake

Sinema ni chombo cha itikadi. Jambo hili makada wetu hulisikia mara kwa mara darasani na hulikubali upesi, lakini kulikubali siko kulitumia. Katika semina tulizoziendesha hapa Sengerema tumeona kwamba mwanafunzi akiulizwa habari ya sinema ya vita atajibu kwa maneno mawili matatu, "propaganda ya mabeberu", kisha ataketi. Jibu hilo si la uongo. Lakini halimfunzi mtu kitu, na jioni mwanafunzi yuleyule atakwenda kwenye banda la video kuitazama sinema ya aina ileile bila kinga yoyote. Kwa hiyo tumeonelea tuchukue sinema moja tu, tuichambue fani yake na maudhui yake, na zaidi ya hayo tuchambue habari za jinsi ilivyotengenezwa, maana habari hizo nazo zimekuwa hadithi inayouzwa dunia nzima.

Sinema hiyo ni The African Queen, iliyotolewa mwaka 1951. Mwongozaji wake ni John Huston. Mwenye kutafuta fedha na kupanga mambo ni Sam Spiegel, akishirikiana na kampuni ya Romulus ya Uingereza. Wachezaji wakuu ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Imetokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Tumeichagua kwa kuwa hadithi yake inatokea katika nchi yetu. Ni Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia ndiyo kwanza vimeanza, na mahali ni Afrika Mashariki ya Wajerumani, koloni ambalo sehemu yake kubwa ndiyo Tanzania Bara ya leo. Kijana wa Sengerema anapoitazama anaitazama nchi ya mababu zake, ajue asijue.

Hadithi kwa kifupi ni hii. Mmisionari Mwingereza na dada yake Rose wanaendesha misheni kijijini. Jeshi la Wajerumani linafika, linakichoma kijiji na kuwaswaga watu. Mmisionari anaugua na kufa. Rose anachukuliwa na Charlie Allnut, fundi mpenda pombe mwenye kimashua cha mvuke kiitwacho African Queen, na wawili hao wanaamua kuteremka mto wenye maporomoko mpaka ziwani, wakaizamishe manowari ya Wajerumani iitwayo Louisa kwa makombora waliyoyatengeneza wenyewe kwa mitungi ya gesi na baruti. Wanapita chini ya ngome huku wakipigwa risasi, wanakwama katika matete, wanapendana, wanakamatwa, wanaozeshwa na nahodha wa Kijerumani muda mfupi kabla ya kunyongwa, na hapo ndipo Louisa inapojigonga kwenye mabaki ya mashua yao na kulipuka.

Katika semina yetu mmoja wa wanafunzi aliuliza swali ambalo lilitufaa kuliko mhadhara tuliouandaa: wale wanakijiji walioswagwa walikwenda wapi? Sinema haijibu. Mwanzoni waumini wale wanaonyeshwa wakiimba wimbo wa kanisa kwa sauti zisizopatana, ili mtazamaji wa London na New York acheke. Kisha kijiji kinachomwa, wanaondolewa, na hawarudi tena. Baadaye tunawaona askari juu ya ngome wakilenga bunduki. Hao nao hawana majina wala neno la kusema. Katika sinema nzima juu ya vita vilivyopiganwa katika ardhi ya Waafrika, hakuna Mwafrika hata mmoja mwenye jina. Na vita yenyewe, ambayo ilikuwa vita ya mabeberu kugombania makoloni, inageuzwa kuwa ugomvi kati ya Waingereza wema na Wajerumani wakorofi, na mtazamaji wa Mwanza anatakiwa achague upande.

Hebu sasa tuitazame historia yenyewe. Meli ya Wajerumani iliyompa mtunzi fikra ya manowari yake ilikuwa Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku kama 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Kutoka hapo ilisafirishwa kwa reli ya kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na pale Kigoma mafundi watatu kutoka Papenburg pamoja na vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi wakaiunga upya. Iliingizwa majini Februari 1915. Kuivunja nguvu ya Wajerumani katika Ziwa Tanganyika, Waingereza walileta motaboti mbili, Mimi na Toutou, chini ya Spicer-Simson. Zilishushwa Cape Town, zikapelekwa kwa reli mpaka Katanga, kisha zikakokotwa milimani kwa matrekta ya mvuke na maksai. Mbele ya matrekta hayo walitangulia watu waliokata miti na kujenga madaraja, na penye uhaba wa maji wanawake wa vijijini waliyabeba kichwani ili mashine zipate kunywa. Motaboti hizo zilimkamata Kingani Desemba 1915 na kumzamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Ama Graf von Götzen, hakuna wapendanao wawili walioilipua. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, baada ya kuzipaka grisi mashine zake zisiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba. Meli ambayo katika sinema inalipuka na kwisha ndiyo iliyobeba abiria, samaki na magunia kati ya Kigoma, Kasanga na Mpulungu mpaka karne hii.

Ziwa letu nalo halikukosa kuiona vita ile. Waingereza walitua Ukerewe Juni 1916 na kuichukua Mwanza mwezi uliofuata. Katika nchi nzima pande zote mbili zilitegemea mgongo wa mpagazi, maana mbung'o waliua wanyama wa mizigo na barabara hazikuwapo. Wanahistoria wanakadiria kwamba kwa upande wa Waingereza peke yake wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kila kada aliyepata kufika Dar es Salaam amepita Kariakoo; jina hilo ndilo Carrier Corps, jeshi la wapagazi, katika matamshi ya wananchi. Soko kubwa kuliko yote nchini limebeba jina lao, na sinema maarufu kuliko zote juu ya vita ile haikuwapa hata dakika moja.

Pamoja na hayo, mhakiki anayekataa kuona uzuri wa fani kwa sababu maudhui yamemchukiza ni mhakiki mvivu. Sinema hii ina sehemu bora. Mhimili wa propela unapopinda na propela yenyewe kuvunjika, Charlie na Rose wanavuta mashua ufukoni, wanawasha moto wa kuni, wanaunyosha mhimili kwa nyundo na kuunga kipande cha propela kilichokatika. Kazi ya mikono inaonyeshwa kwa heshima, hatua kwa hatua, na mapenzi ya wawili hao yanakua ndani ya kazi ile. Kila fundi wa injini za mitumbwi katika mialo yetu ataielewa sehemu hiyo bila mkalimani. Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa uchezaji wake, na hatuoni kwamba alipendelewa. Isitoshe, ni sinema ya vita ambayo karibu haina mapigano: vita ndani yake ni mto, matete, mbu, mashine mbovu na watu wawili waliochoka. Hilo tutalirudia, kwani lina manufaa kwetu.

Tunafika sasa kwenye habari za nyuma ya kamera. Huston alikataa kuitengeneza sinema yote studio, akaipeleka Afrika. Mwaka 1951 kundi lake lilipiga kambi Biondo, kando ya mto Ruiki, karibu na Ponthierville katika Kongo ya Wabelgiji, mji ambao leo unaitwa Ubundu. Baadaye likahamia Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na bandari ya Butiaba katika Ziwa Albert. Kamera ya rangi ya siku zile ilikuwa kubwa na nzito, na ilihitaji taa kali hata mchana. Ilibidi vyelezo vifungwe: kimoja cha kamera na taa, kimoja cha mtambo wa umeme, kimoja kilichobeba mfano wa mashua ili wachezaji wapigwe picha kwa karibu, na msafara huo wote ukavutwa mtoni kama treni, ukinasa katika matawi kwenye kila kona.

Shida walizozipata zimesimuliwa mno. Siafu waliivamia kambi usiku. Mashua ilizama Ruiki, ikabidi iibuliwe kwa kamba na mikono. Malaria na kuhara damu viliangusha karibu kundi zima. Huko Murchison walilala ndani ya meli iliyopewa jina la Lugard, yule aliyeiteka Uganda kwa bunduki ya Maxim, na maji ya kunywa yakawaletea maradhi. Hepburn, aliyekunywa maji kwa makusudi ili awaaibishe wanaume walevi, ndiye aliyeugua zaidi. Bogart na Huston walijigamba kwamba waliponywa na wiski. Hepburn aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo, kilichotoka mwaka 1987. Peter Viertel, aliyesaidia kuandika maneno ya sinema hiyo, alitoa riwaya mwaka 1953 kuhusu mwongozaji ambaye hakujali sinema kwa tamaa ya kumpiga risasi tembo, na riwaya hiyo nayo Clint Eastwood akaifanya sinema mwaka 1990, White Hunter Black Heart. Yaani shida za kutengeneza sinema zimekuwa bidhaa yenyewe, na bidhaa hiyo bado inauzika.

Hatuwacheki waliougua. Kuhara damu ni kuhara damu, na mwanamke yule alifanya kazi akiwa mgonjwa kweli. Tunachokipinga ni hesabu. Katika habari hizi zote tunajua Bogart alikunywa nini, tunajua choo cha Hepburn kilielea kwenye chelezo chake mpaka kikamsumbua msafara na kukatwa, lakini watu walioijenga kambi ya Biondo kwa mianzi na makuti, waliobeba vyombo kutoka njia ya reli, waliosukuma vyelezo, hawahesabiwi. Mashua ilipozama "iliibuliwa". Kitenzi hicho hakina mtenda. Mwalimu wa Kiswahili atatuambia kwamba ni kauli ya kutendwa. Sisi tunaongeza kwamba katika maandishi ya kikoloni kauli ya kutendwa ndiyo nyumba anamofichwa mfanyakazi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kichocho. Walijua kwamba maji ya mito na maziwa ya huku yana ugonjwa huo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya picha ambamo Bogart na Hepburn wamezama majini, pamoja na ile maarufu ya Charlie akiivuta mashua katikati ya matete, ilipigwa Uingereza, katika bwawa la studio ya Isleworth, kwenye maji safi. Hata ruba wanaomganda Charlie mwilini, jambo linalowasisimua watazamaji mpaka leo, ni wa Isleworth, na Bogart alikataa katakata kuwekewa ruba wa kweli. Robert Morley, aliyecheza mmisionari, hakufika Afrika kabisa. Watu wa mgongoni walisimama badala yake. Tahadhari hiyo ilikuwa ya busara, na mwajiri anayemkinga mfanyakazi wake na maradhi anastahili kusifiwa. Lakini nani aliyesimama katika maji ya Ruiki kuvisukuma vyelezo? Nani aliyepiga mbizi kupitisha kamba chini ya mashua iliyozama? Maji yale yalikuwa na hatari kwa mguu wa tabaka moja tu? Hapa kwetu, ambako watoto wa shule za kandokando ya ziwa hupewa dawa za kichocho kwa zamu, na ambako mvuvi wa dagaa hawezi kwenda kazini pasipo kulowa, swali hilo halihitaji ufafanuzi mrefu.

Kuna kisa kingine ambacho Huston mwenyewe alipenda kukisimulia. Wanakijiji waliotakiwa waje wapigwe picha hawakutokea siku iliyopangwa. Ilikuja kujulikana kwamba walihofia wageni wale ni walaji wa watu, na kwamba mwaliko ule ulikuwa mtego. Katika vitabu vya Hollywood kisa hicho ni kichekesho: Mzungu kudhaniwa mla watu! Sisi tunakisoma vingine. Katika miaka ya ukoloni hofu ya namna hiyo ilienea Afrika Mashariki na Kati, ikiitwa mumiani huku, wazimamoto Kenya na Uganda, batumbula Kongo. Wananchi walikuwa wakisema kwa lugha ya hadithi jambo walilolijua kwa miili yao, kwamba watu wanaokuja na magari na mitambo na kuandikisha majina huondoka na nguvu za watu. Kongo ya mwaka 1951 ilikuwa bado nchi ya kilimo cha kulazimishwa, na wazee wake walikumbuka enzi za Leopold na mpira. Hofu ya wanakijiji ilikuwa na makosa katika maelezo yake. Katika msingi wake ilikuwa uchambuzi.

Kuhusu mashua yenyewe, ilikuwa chombo cha kazi kiitwacho Livingstone, kilichojengwa Uingereza mwaka 1912 na kutumika kama miaka 40 katika maji ya Uganda. Boila tunayoiona ikivuja mvuke na kupigwa mateke na Charlie ilikuwa ya bandia. Injini halisi, ya dizeli, ilifichwa. Nayo manowari ya kutisha Louisa ilichezwa na Buganda, tagi ya shirika la reli na bandari za Afrika Mashariki, iliyozoea kuvuta matishari katika Ziwa Victoria. Mashua ya African Queen sasa iko Key Largo, Florida, ambako watalii hulipa kuipanda. Boila ya bandia imesifiwa na mashua imetunzwa kama masalio ya mtakatifu. Hatuwaonei wivu wa mashua; tunataja tu kwamba chuma kimepata makumbusho na mikono haikupata orodha ya mishahara inayosomwa na yeyote.

Msomaji anaweza kusema: hayo ni ya Huston, naye alikwisha kufa mwaka 1987, kuna haja gani ya kupigana na mzimu? Haja ipo, kwa sababu mtindo huo wa kusimulia vita haukuzikwa naye, na umeendelea kutumika kwa vita vilivyotugusa sisi wenyewe katika ziwa hili.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israel walivamia uwanja wa Entebbe. Haukupita mwaka mmoja na nusu kabla ya sinema tatu kutolewa: Victory at Entebbe, Raid on Entebbe na Operation Thunderbolt. Hakuna hata moja kati yao iliyopigwa Entebbe. Haraka ya soko ilikuwa kubwa mno. Godfrey Cambridge, Mmarekani mweusi aliyepewa nafasi ya Idi Amin katika ile ya kwanza, alikufa kwa ugonjwa wa moyo Novemba 1976 wakati kazi ikiendelea. Nafasi yake akapewa Julius Harris, na sinema ikaonyeshwa mwezi uliofuata. Mwaka 1981 Sharad Patel wa Kenya alitoa Rise and Fall of Idi Amin, ambamo Joseph Olita alicheza Amin kwa kufanana naye ajabu, ikajaa maiti na vitisho. Mwaka 2006 ikaja The Last King of Scotland, iliyopigwa Uganda kwenyewe na kumpatia Forest Whitaker tuzo ya Oscar. Humo historia yote inatazamwa kwa macho ya kijana daktari kutoka Uskoti, mtu wa kubuni. Mtazamaji wa nje anayetegemea sinema hizi ataamini kwamba Amin aliaibishwa na makomando na kubainishwa na daktari wa Kizungu.

Nani aliyemwondoa Amin? Jeshi lake lilivuka mpaka Oktoba 1978, likaiteka ardhi yetu mpaka mto Kagera, likaua na kupora, na daraja la Kyaka likabomolewa. Jeshi la Wananchi, pamoja na maelfu ya wanamgambo waliotoka mashambani na viwandani, na Waganda waliokuwa uhamishoni, liliingia Kampala Aprili 1979. Tunayo sinema ya matukio ya kweli ya vita hivyo, Vita vya Kagera, iliyopigwa na wapiga picha wa serikali waliofuatana na jeshi, na kila Mtanzania wa umri fulani ameiona. Thamani yake ni kubwa na inastahili kutunzwa vizuri kuliko sanduku lolote la dhahabu. Lakini vijana wa semina yetu walipoulizwa watutajie sinema ya hadithi juu ya vita hivyo iliyotengenezwa na Watanzania, walikaa kimya. Walizitaja za Marekani na Vietnam bila kusita.

Sababu inayotolewa siku zote ni fedha. Vifaru, ndege, baruti, sare za majeshi mawili, yote hayo yako mikononi mwa dola, na kuyakodi kwa siku moja kunaweza kumaliza mfuko wa mtengenezaji wetu wa kawaida. Hoja hii ina ukweli, lakini imekuwa maficho. Tulisema kwamba The African Queen ni sinema ya vita ambayo karibu haina mapigano. Mashua moja yenye boila ya bandia, mto, ngome iliyoonekana kwa dakika chache, tagi iliyotolewa kwenye kazi yake. Huo ndio ufundi unaostahili kuibwa, na tungependa vijana wetu wauibe bila aibu. Vita vya Kagera vinaweza kusimuliwa ndani ya lori moja la wakala wa serikali lililochukuliwa kwa ajili ya jeshi, likiwa limebeba unga na dereva wake hajui lini atarudi. Vinaweza kusimuliwa Mwanza, tarehe 29 Machi 1979, ndege ya kivita ya Libya ilipoilenga bohari ya mafuta, ikakosa, na mabomu yake kuua wanyama katika hifadhi ya kisiwa cha Saanane. Sinema inayoanza na swala waliokufa kwa bomu lisilo lao haihitaji kifaru hata kimoja.

Hatari tunayoiona ni nyingine, nayo inatoka ndani yetu. Siku sinema hiyo itakapotengenezwa kwa msaada wa dola, patakuwa na kishawishi cha kuandika hadithi ambamo makamanda na viongozi ndio wanaosema, na wengine wote wanapiga saluti. Wakulima waliotoa ng'ombe wao, makatibu wa matawi waliozunguka usiku kuandikisha wanamgambo, wakimbizi wa Kyaka na Kakono, madereva, wapishi, mabaharia wa vivuko, hao watawekwa nyuma wakipunga mikono. Tutakuwa tumewarudisha wapagazi msituni kwa mara ya pili, safari hii kwa bendera yetu wenyewe. Na mwongozaji wetu asidhani kwamba atakwepa lawama kwa kuwa na nia njema, huku vibarua wake wanalala chini ya turubai na kulipwa mwezi wa tatu. Jinsi kazi inavyopangwa nyuma ya kamera huonekana mbele yake. Huston hakuwaona wanakijiji katika kambi, ndiyo maana hawamo katika picha.

Kwa sababu hiyo tunawashauri wakufunzi wenzetu wasiishie kwenye mhadhara. Sinema yoyote ya vita ikionyeshwa semina, wanafunzi waandike orodha ya kila kazi iliyofanyika ili vita hiyo ipiganwe, na kando yake waandike ni nani katika sinema anaonekana akiifanya. Tulipoifanya kazi hiyo kwa The African Queen, safu ya kwanza ilijaa ukurasa mzima na safu ya pili ilikuwa na majina mawili, Charlie na Rose. Mabishano yaliendelea mpaka saa ya chakula, na yule aliyekuwa na desturi ya kujibu kwa maneno matatu alizungumza dakika kumi.

Kazi ya kukusanya habari za Kagera haiwezi kungoja watengenezaji wa sinema. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70. Barabara ya kutoka Mwanza kwenda Geita na Kagera inavuka ghuba kati ya Kigongo na Busisi, na kwa miaka mingi kila kilichovuka pale kwa barabara hiyo kilivushwa na kivuko. Nani amewauliza wazee wa Busisi waliona nini miezi ile, nani alivuka na nani hakurudi? Daraja la pale, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Foleni ya kungoja kivuko imekwisha, na mabaharia wa zamani na mama lishe waliokuwa wakiwahudumia wasafiri wanatawanyika kutafuta riziki kwingine. Wanafunzi wetu wamepangwa kuanza na Busisi, wawili wawili, nyumba kwa nyumba, mmoja akiuliza na mwingine akiandika, na swali la kwanza kwenye daftari linahusu kazi ambayo mzee huyo alikuwa akiifanya mwezi ule wa Novemba.